Jinsi ya kuvua kwenye kinamasi cha Mabamba bila kumuumiza domokiatu

Uganda hatuna mikoko kama watu wa pwani, sisi tuna mafunjo, na pale Mabamba karibu na Entebbe, eneo la Ramsar (yaani ardhioevu inayotambuliwa kimataifa) tangu 2006, ndo anaishi domokiatu, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Ugomvi wake na wavuvi ni kamongo tu, wote wanamtaka samaki huyohuyo, na zamani wavuvi walimuua kabisa wakiamini ukimwona siku hiyo hupati kitu.

Sasa ndugu yangu mvuvi, ukimkuta amesimama kimya kichwa kainamisha, anawinda huyo, zungusha mtumbwi kwa mbali na usipige kelele. Nyavu na ndoano usiziache majini ukaenda zako, ndege ananasa. Kiota kipo juu ya majani yanayoelea, mawimbi ya injini yanakitikisa vibaya, so zima injini shika kasia. Mayai ni mawili hivi na mara nyingi anakua kifaranga mmoja tu, ukimuokota kumuuza umemaliza uzazi wa msimu mzima!

Mafunjo usichome moto tafadhali, ukitaka ya mikeka kata sehemu, nyingine iache ikue. Na mgeni akija kumwona, mpakie wewe umlipishe, hela ya mtumbwi inabaki hapa kijijini.