Somo: Kuifikia na kuikanyaga barafu ya Rwenzori

Wakuu, wageni wakifika huku Kasese, Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, huuliza barafu kwanza. Mimi huwaambia waulize matope. Barafu utaikanyaga kwa saa chache tu. Matope utakuwa nayo juma zima.

Hatua ya kwanza ni kupanda polepole. Kutoka Nyakalengija (mita 1,615) unalala kambi ya Nyabitaba, kesho yake kambi ya John Matte, halafu Bujuku, na usiku wa nne uko Elena, mita 4,541. Usiruke kambi hata ukijiona una nguvu. Desemba hadi Februari, au Juni hadi Agosti, mvua hupungua. Nimesema hupungua, sikusema huisha.

Pili, jaribu vifaa ukiwa bado chini: buti ngumu, mshipi wa kiunoni wa kufungia kamba, sururu ya barafu na kramponi, ile miiba ya chuma inayofungwa chini ya buti. Zivae, tembea nazo uani. Kramponi iliyolegea utaigundua Elena saa nane usiku, vidole vimekufa ganzi, na hapo fundi hayupo.

Tatu, ondokeni Elena usiku huohuo wa manane, kabla jua halijalainisha barafu na mawingu hayajafunika. Kwanza ni miamba inayoteleza, ndipo barafu ya uwanda wa mlima Stanley, kisha mnateremka kidogo na kuipanda barafu ya Margherita, kilele kirefu kuliko vyote huku, iliyo na mwinuko mkali zaidi.

Juu ya barafu, kanyaga kwa wayo wote ili miiba yote iume. Tanua miguu. Mimi niliibana, mwiba ukanasa suruali, nikaanguka kifudifudi mbele ya wapagazi. Walicheka hadi Bujuku. Sururu iwe mkono wa upande wa mlimani. Kamba kati yako na mwenzako isiburuzike, wala usiizungushe mkononi: akiteleza, itakukata vidole. Mwongozaji akisema simama, simama. Nyufa nyingine zimefunikwa na theluji.

MASWALI

Kaka, gambuti zinafika kileleni?
Hapana. Zinakuvusha kinamasi cha Bigo, kabla ya Bujuku, na kukufikisha Elena. Kramponi haishiki kwenye mpira laini.

Kichwa kikiniuma Elena, ninywe dawa niendelee?
Mwambie mwongozaji na usipande zaidi. Ukianza kutapika au kuyumba, shuka hata kama ni usiku.

Ni kweli barafu inaisha?
Kweli, dada. Tangu Duke wa Abruzzi, mpanda milima wa Italia, afike kilele cha Margherita (mita 5,109) mwaka 1906, zaidi ya robo tatu imeyeyuka. Wazee wa Kikonzo, wenyeji wa milima hii, wanaiita Nzururu, na inawauma kuiona ikipungua na kurudi juu kila mwaka. Ndiyo maana njia hubadilika. Video ya zamani isikudanganye.

Soksi jozi ngapi?
Sita. Mbili zifunge kwenye mfuko wa plastiki, usizifungue hadi Elena.