Kuchagua upana wa tairi ukibadilisha rimu: anza na rimu, sio tairi

Wakuu, hapa Dodoma watu wengi wananunua rimu kali za mtumba halafu wanamwambia fundi tairi "nifungie pana", fundi anafunga ilimradi imeingia, baada ya muda tairi inakula upande au inasugua fenda kila tuta. Juzi nimemsaidia jamaa yangu kwenye gari lake dogo, alikuwa anatoka 185/65R15 (upana milimita 185, profaili yaani kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15) kwenda rimu za inchi 16, so natumia hesabu za gari lake.

Hatua ya 1: Soma rimu

Geuza rimu uangalie mgongoni, utakuta kitu kama 16x7J ET38 (za jamaa ndizo hizi). 16 kipenyo, 7J upana kwa inchi, ET tutaifikia. Ikiwa imefutika pima kwa tepu pale ndani tairi linapokalia. Usipime ukingo wa nje kwa wa nje, utapata karibu inchi nzima ya ziada. Kama matundu ya stadi (bolti za gurudumu) na tundu la katikati vinaingia kwenye gari lako, naamini ulishahakikisha kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Upana unaokubali rimu hiyo

185/65 inakaa kwenye 5J mpaka 6.5J, 195/55 ni 5.5J mpaka 7J, 205/55 ni 5.5J mpaka 7.5J, 225/45 ni 7J mpaka 8.5J. Profaili ikishuka nafasi inabana, 205/40 inataka 7J mpaka 8J. Mimi napenda kukaa katikati, sio pembeni. Kwenye 7J 195 inaingia lakini iko ukingoni, ubavu unavutwa na rimu inabaki wazi kwenye mashimo, na upepo ukipungua tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukizidisha upana nako ubavu unavimba, gari linayumba kwenye kona na tairi linakula katikati. Kwa jamaa tukachagua 205.

Hatua ya 3: Kimo cha tairi zima

Upana mara profaili, mara mbili, jumlisha inchi za rimu mara 25.4. La kiwandani lilikuwa milimita 621.5. 205/50R16 inatoa 611.4 na 205/55R16 inatoa 631.9. Zote zimepishana na la zamani chini ya asilimia 2, mimi sivuki 3. Tulichukua 55 kwa sababu gari linapanda milimita 5 badala ya kushuka 5, na ukitoka lami kuingia mtaani Nkuhungu au Nzuguni utaona faida ya ubavu mnene. Ila ujue spidomita itasoma pungufu kidogo, ikisema 50 wewe uko karibu 51, kwa hiyo kwenye tochi za vijijini njia ya Morogoro acha nafasi.

Hatua ya 4: ET, hapa usikimbie

Hapa ndipo jioni nzima iliishia, na ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana tairi linaweza kuwa sahihi kwa rimu na bado lisiwe sahihi kwa gari. ET ni milimita ngapi uso wa rimu unaogusa habu umesogea kutoka katikati ya rimu. ET ikipungua gurudumu linatoka nje, ikiongezeka linaingia ndani kwenye shokapu.

Hesabu: chukua nusu ya upana wa tairi, toa ET, unapata tairi linatokeza nje kiasi gani. Za zamani zilikuwa ET45, kwa hiyo 92.5 toa 45 ni 47.5. Mpya ni 102.5 toa 38, yaani 64.5. Limetoka nje milimita 17. Kwa ndani unajumlisha badala ya kutoa, 137.5 imekuwa 140.5, limeingia 3 tu. Halafu ongeza 5 za tahadhari kila upande, sababu tairi halisi huwa pana kuliko namba yake na kila nusu inchi ya rimu inalipanua kama milimita 5 tena.

Kwa hiyo nje tulihitaji 22. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka ukingo wa fenda, pima toka kwenye uzi mpaka ubavu wa tairi la zamani. Ukipata pungufu ya 22 tairi litachomoza nje ya fenda, tafuta rimu nyingine. Kukata fenda sikubali, na spesa (vipande vya kusogeza rimu nje) za mtaani sifungi kwenye gari la mtu ninayempenda.

Kama ET haijaandikwa, laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu juu ya mgongo, pima toka kwenye rula mpaka uso unaogusa habu. Toa nusu ya upana wa nje kwa nje (hapa sasa ndio unautumia ule). 140 toa nusu ya 204 ni ET38.

Kisha fungisha tairi MOJA tu kwanza, sio nne. Weka mbele, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, angalia shokapu na madigadi. Hamishia nyuma, pakia watu wanne wazima au magunia, pita kwenye tuta taratibu, halafu chungulia kama kuna alama za kusugua. Gari tupu haliambii kitu, na shokapu zikichoka ndio kabisa, badilisha hizo kwanza.

Hatua ya 5: Namba ya uzito

La zamani lilikuwa 88, yaani kilo 560 kwa tairi. 87 ni kilo 545, usishuke huko hata bei ikiwa nzuri. Tulipata 91, kilo 615. Tarehe pia soma, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019, na kwa jua la hapa tairi kuukuu la mtumba sishauri kabisa.

Hatua ya 6: Kufunga

Balansi, alaimenti, upepo anza na namba ya kibandiko cha mlangoni, upime asubuhi tairi zikiwa za baridi. Nati zikaze tena baada ya kilomita 50 mpaka 100.