Jinsi ya Kuifuatilia Fedha ya Koloidi Kutoka Kijikoni Hadi Ngozini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe aliyeletewa chupa ya fedha ya koloidi, yaani maji yenye madini ya fedha, akaambiwa anywe kijiko asubuhi na jioni, na ambaye angependa kujua, kabla hajafungua kizibo, madini hayo yatapita wapi mwilini na yatageuka kuwa nini. Kemia ya kidato cha nne yatosha kwa sehemu kubwa ya safari hiyo.

Anza na kilichomo chupani, kwa sababu jina hilo moja hubeba vitu viwili. Koloidi halisi ni chembe za metali ya fedha zenye kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100, zilizotawanyika majini bila kuzama. Ilhali bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina hilo, hasa zinazotengenezwa nyumbani kwa kupitisha umeme wa betri kwenye nyaya mbili za fedha, huwa na sehemu kubwa ya ayoni, yaani atomu za fedha zilizopoteza elektroni moja na kuyeyuka. Mimina kiasi kidogo kwenye glasi safi, kisha upitishe mwali wa tochi ya leza ubavuni mwa glasi katika chumba chenye giza: mwali ukionekana kama mstari ndani ya maji, chembe zipo. Rangi ya manjano huashiria jambo hilohilo, kwa kuwa chembe ndogo za fedha hufyonza mwanga wa zambarau na bluu.

Katika glasi nyingine tia chumvi kidogo sana ya mezani, ukoroge. Ukungu mweupe ukitokea, jua kwamba ayoni zilikuwamo na sasa zimeungana na kloraidi ya chumvi. Ukiiacha glasi dirishani penye jua, ukungu huo huanza kuwa kijivu chenye uzambarau. Ni jaribio lile ambalo wanafunzi hutumia nitrati ya fedha kutambua kloraidi, isipokuwa hapa limepinduliwa. Chumvi isizidi, kwa maana kloraidi nyingi mno huyeyusha tena sehemu ya mashapo. Bidhaa zilizochanganywa na protini au jelatini zaweza zisionyeshe ukungu wowote, kwa hiyo glasi kubaki safi si ushahidi kwamba fedha haimo. Kilichobaki kwenye glasi kisinywewe.

Hesabu ya kipimo ni fupi. Lebo ikisema sehemu 10 kwa milioni, maana yake ni miligramu 10 kwa lita, hivyo kijiko cha chai cha mililita 5 kina mikrogramu 50. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limeweka kipimo cha rejea, yaani kiasi kinachokadiriwa kutodhuru kikimezwa kila siku, cha mikrogramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa kuzingatia dhara la ngozi kubadilika rangi. Mtu mzima wa kilo 60 hufikia mpaka wake kwa mikrogramu 300, na mtoto wa kilo 12 kwa mikrogramu 60, ambazo ni kijiko kimoja na kidogo. Chupa ya sehemu 500 kwa milioni humpa mnywaji mikrogramu 2,500 katika kijiko kimoja tu. Chupa isiyo na lebo haihesabiki, na kwa maoni yangu hapo ndipo mazungumzo na muuzaji yanapopaswa kuishia.

Sasa fuata kijiko hadi tumboni, kwa kuwa hapo ndipo mengi huamuliwa. Asidi ya hidrokloriki ya tumbo huleta kloraidi ya kiasi cha moli 0.1 kwa lita, nayo kloraidi ya fedha ni chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi: zao la umumunyifu wake, yaani mkolezo wa ayoni za fedha mara mkolezo wa kloraidi unaoweza kubaki umeyeyuka, ni takribani 1.8 × 10⁻¹⁰. Gawanya namba hiyo kwa 0.1, nawe utaona kwamba ayoni huru za fedha haziwezi kuzidi moli 1.8 × 10⁻⁹ kwa lita, yaani mikrogramu 0.2 hivi. Chupa ya sehemu 10 kwa milioni, ikiwa fedha yake yote ni ayoni, ilikuwa na mikrogramu 10,000 kwa lita. Ayoni huru, ambazo ndizo zinazosifiwa kwa kuua bakteria, zimepungua karibu mara 50,000 kabla hazijaondoka tumboni. Sehemu ndogo hubaki imeyeyuka ikiwa imeshikwa na kloraidi mbili mbili, na nyingine hunaswa na protini za chakula. Chembe za metali nazo huliwa polepole na oksijeni pamoja na asidi, zikatoa ayoni mpya zinazokumbana na kloraidi ileile. Ndiyo maana jaribio la kuua vijidudu katika maji yasiyo na chumvi halithibitishi kwamba fedha iliyomezwa itafanya vivyo hivyo mwilini.

Sehemu kubwa ya fedha hutoka na choo. Shirika lile la Marekani, lilipokadiria kipimo chake, lilichukua kwamba mwili hubakiza takribani asilimia 4 ya iliyomezwa. Ikiingia kwenye damu, fedha hukuta kloraidi tena, lakini mshindani mkubwa zaidi ni salfa: hung'ang'ania vikundi vya salfa vilivyomo kwenye glutathioni (molekuli ndogo ya seli) na kwenye protini kama albumini, kisha husafirishwa hivyo. Ini huitoa kiasi kupitia nyongo. Inayosalia hutua ini, figo na ngozi.

Ngozini hutokea kilekile kilichotokea dirishani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walieleza mwaka 2012 namna mwanga unavyoweza kuirudisha fedha iliyoshikwa na salfa ya protini kuwa chembe za metali, ambazo baadaye hugeuka salfaidi, na salfa hiyo yaweza kubadilishwa na seleniamu. Misombo hii karibu haiyeyuki kabisa, kwa hiyo rangi ya kijivu au bluu, ambayo madaktari huiita arjiria, hudumu. Stan Jones, aliyegombea useneta wa Montana mwaka 2002, alijulikana sana kwa rangi hiyo baada ya kunywa fedha aliyojitengenezea.

Msomaji wa nyanda za juu alitilie maanani suala hili la mwanga kuliko mtu wa pwani. Mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na baridi ya Njombe haiipunguzi hata kidogo. Anayepalilia viazi Uporoto au kuchuma chai Mufindi hukaa juani siku nzima bila kuhisi joto. Kwa kuwa kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya mwanzo yaweza yasionekane upesi, kagua ufizi, weupe wa macho na ile miezi myeupe kwenye mashina ya kucha.

Fedha pia hupunguza ufyonzwaji wa baadhi ya dawa, zikiwamo viuavijasumu vya jamii ya doksisaiklini na siprofloksasini, pamoja na homoni ya thairoksini. Mgonjwa anayemeza vyote pamoja huenda akadhani dawa ya hospitali ndiyo dhaifu. Krimu ya majeraha ya moto yenye fedha ni habari nyingine, kwani hupakwa juu ya kidonda kwa maelekezo ya mhudumu.

Aliyekwisha kunywa kwa muda aache, avae kofia na mikono mirefu, na asinunue dawa za kuvuta metali mwilini, kwa sababu hazijaonyesha kuondoa rangi hiyo. Leza ya nanomita 1,064 imesaidia baadhi ya wagonjwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda jijini Mbeya, na hapo waweza kuuliza kama bidhaa imesajiliwa. Uendapo kwa daktari chukua chupa yenyewe, andika tarehe uliyoanza kunywa, idadi ya vijiko kwa siku, na majina ya dawa nyingine zote unazomeza.