Somo: Kuzunguka Kampala ya Kale kwa Siku Moja, Kilima kwa Kilima

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina mwenyewe. Waislamu wako Old Kampala na Kibuli, Waanglikana Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Kabaka, mfalme wa Buganda, yuko Mengo. Wageni wengi huharibu siku yao kwa mpangilio mbaya: wanafika kwenye mnara wa msikiti saa sita, jua la utosi, wanapanda wakihema, kisha hawana tena miguu ya Mengo. Fuata mpangilio huu.

Maandalizi. Vaa viatu vya kuvua upesi, maana utavivua zaidi ya mara moja. Wanawake wabebe leso mbili, moja ya kichwani na moja ya kiunoni. Chukua maji na noti ndogo ndogo. Viingilio hulipwa langoni, na chenji ya noti ya elfu hamsini huwa shida asubuhi. Kuanzia Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua hupenda kushuka alasiri, kwa hiyo saa tatu asubuhi uwe umeshaanza.

Hatua ya 1: Msikiti wa Taifa, Old Kampala. Kutoka stendi ya zamani ya taksi ni mwendo mfupi, ila wote ni mlima. Lipa, vaa vazi la heshima wanalokupa kama lako halitoshi, kisha omba mnara kwanza na ukumbi wa sala baadaye. Mnara una vidato zaidi ya 300 vinavyozunguka kwa ndani. Usikimbie vya mwanzo. Wanaokimbia ndio hukwama katikati na kuzuia walio nyuma. Ukifika juu, mwambie mwongozaji akuonyeshe Namirembe, Rubaga, Kibuli, Makerere na Nakasero, kimoja kimoja. Hapo ndipo ramani ya siku nzima inapokukaa kichwani.

Ujenzi ulianza enzi za Idi Amin miaka ya 1970, ukakwama, ukaja kukamilishwa kwa fedha za Libya chini ya Gaddafi. Ndiyo sababu wenyeji wengi bado wanauita Msikiti wa Gaddafi. Kilima hiki ndicho alichojenga ngome Kapteni Lugard, mwanajeshi Mwingereza, mwezi Desemba 1890.

Hatua ya 2: Namirembe. Shuka, vuka barabara kwa uangalifu, upande tena. Kanisa kuu unaloliona, la matofali mekundu, lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Yaliyotangulia hayakudumu: moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine lililiwa na mchwa, jingine likapigwa radi na kuungua mwaka 1910. Ukijua hayo utaelewa kwa nini safari hii walitaka matofali. Usiondoke bila kuziona ngoma zinazoita waumini ibadani, wala bila kupita makaburini: Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, amezikwa hapa, na pia daktari Albert Cook, mwanzilishi wa Hospitali ya Mengo (1897) iliyo chini ya kilima.

Hatua ya 3: Mengo, kutoka Bulange hadi Lubiri, ikulu ya Kabaka. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo watu huipita juu ya boda. Tembea! Anza Bulange, jengo linamokaa Lukiiko, bunge la Buganda, kisha fuata barabara iliyonyooka ya Kabaka Anjagala mpaka lango la ikulu. Pembeni kuna sanamu za miziro, yaani alama za koo za Baganda, simama, soma. Katikati ya njia kuna mzunguko wa magari wenye lango katikati yake. Watu wote huzunguka. Kabaka peke yake hupita katikati, moja kwa moja.

Ndani ya Lubiri ikulu yenyewe hutazamwa kwa nje. Utapelekwa kwenye mahandaki ya silaha ya enzi za Amin, yaliyogeuzwa vyumba vya mateso. Nenda taratibu, na usipige picha za kuchekacheka. Ikulu hii ndiyo iliyoshambuliwa na jeshi la Obote, kiongozi wa Uganda wakati huo, tarehe 24 Mei 1966. Kabaka Muteesa II akatoroka, akafia London mwaka 1969. Mvua ikinyesha, njia ya kushukia mahandakini huteleza vibaya.

Hatua ya 4: Kasubi. Hapa panda boda, patana bei kabla hujakaa. Wamezikwa Makabaka wanne: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na huyo Muteesa II, ambaye mwili wake ulirudishwa mwaka 1971. Nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010, ikajengwa upya. Langoni uliza kwanza ni sehemu zipi ziko wazi siku hiyo, ndipo ulipe.

Maswali ya wasomaji

*Ijumaa inafaa?*
Kwa msikiti, hapana, labda uwahi sana. Swala ya mchana hujaza kilima chote. Jumapili asubuhi Namirembe iko ibadani, na Jumamosi huwa na harusi. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku tulivu.

*Mama yangu ana magoti mabaya. Aache safari?*
Asiache, ila aache mnara. Aingie ukumbi wa sala, kisha mchukulie gari hadi Namirembe. Kabaka Anjagala ataiweza polepole, si mlima mkali.

*Ngome ya Lugard bado ipo?*
Ilipokuwa pamechukuliwa na msikiti. Kuna mfano wake uliojengwa jirani. Makumbusho ya Uganda yalianzia katika ngome hiyo mwaka 1908, na leo yako Kitante.

*Dada, mwongozaji wa Kiswahili anapatikana?*
Omba wakati unalipa, ziara haijaanza. Akishapewa kundi la Kiingereza, hawezi tena kukugeukia wewe peke yako.

*Naweza kupiga picha popote?*
Askari na vituo vyao, kamwe. Ndani ya msikiti, kanisani na Kasubi, uliza kila mahali upya. Ruhusa ya nje haikupi ruhusa ya ndani. Na ukipita stendi ya taksi, simu iwe mfukoni, mfuko wa mbele.