Jinsi ya Kusoma Chupa ya Jamu Ugenini na Kupika Mamaledi ya Madanzi Nyumbani

Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja huijua jamu kuwa kitu kimoja tu, iwe ya nanasi, ya embe, au ile nyekundu ya matunda mchanganyiko ambayo hakuna mlaji anayeweza kukutajia matunda yenyewe. Akihamia nchi nyingine, hukuta rafu nzima ya chupa zinazofanana rangi lakini zinazotofautiana majina, na jina lile lile alilolizoea Uingereza humpa kitu kingine kabisa akiwa Marekani. Kanuni ya kwanza ya kununua ni hii: jina lililo mbele ya chupa hufuata sheria na mazoea ya nchi husika, kwa hiyo geuza chupa usome mgongoni.

Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya, mgongoni utakuta imeandikwa ni gramu ngapi za tunda zilizotumika kwa kila gramu 100. Kwa kanuni ya Ulaya ya mwaka 2001, ambayo Uingereza iliirithi, jamu ya kawaida haipungui gramu 35 na ile inayoitwa “extra” haipungui 45. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mpya mwaka 2024 ya kupandisha jamu ya kawaida hadi gramu 45, ikapangwa kuanza kutumika Juni 2026. Kanuni ya 2001 iliyaacha nje baadhi ya matunda tunayoyafahamu vizuri: mabibo yaliruhusiwa gramu 16, na pasheni gramu 6 tu. Ukiisoma hiyo 6 usidhani umeibiwa. Pasheni ni kali, na kidogo chake hutosha kuitawala chupa nzima.

Marekani hutakuta gramu hizo. Sheria yao inataka angalau sehemu 45 au 47 za tunda kwa 55 za sukari, kutegemea tunda lenyewe, lakini lebo huonyesha tu orodha ya viungo, kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Angalia jambo moja: sukari inaweza kugawanywa kuwa sukari ya kawaida, sharubati ya mahindi na sharubati nyingine, kila moja ikaandikwa peke yake, na tunda likabaki la kwanza kwenye orodha ingawa sukari zote zikijumlishwa zimelizidi.

Neno lenye mtego mkubwa zaidi ni “jelly”. Marekani, jeli ni ndugu wa jamu: ni maji ya tunda yaliyochujwa, yakachemshwa na sukari pamoja na pektini, kigandishi cha asili kilichomo kwenye matunda, hadi yakaganda na kung'aa kama kioo, nayo ndiyo watoto wa shule hupakiwa kwenye mkate pamoja na siagi ya karanga. Uingereza, ukiacha chupa chache za jeli ya kulia nyama ya kondoo, jeli ni kitindamlo kinachotikisika bakulini, ambacho huuzwa kama vipande vya mpira vya kuyeyushwa kwa maji ya moto. Kinachokigandisha aghalabu ni jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe wakiwamo. Kwa Mwislamu tofauti hii si ya msamiati pekee. Tafuta neno “gelatine”, ambalo Marekani huandikwa “gelatin”, na ukiliona bila kutajwa mnyama wala alama ya halali, irudishe rafuni. Pektini haina shaka hiyo, kwa kuwa hutolewa kwenye maganda ya jamii ya machungwa na makapi ya matufaha.

Mamaledi nayo ina visa vyake. Mwingereza hakubali jina hilo litumike isipokuwa kwa jamii ya machungwa na ndimu. Mjerumani nyumbani kwake huita Marmelade hata jamu ya stroberi, ingawa kwa miaka mingi chupa za dukani zimelazimika kuandikwa Konfitüre, neno ambalo msomaji aliyesoma kwa Kifaransa Bujumbura au Bukavu atalitambua mara moja. Mreno ukimwomba marmelada atakuletea kipande kigumu cha tunda liitwalo marmelo, cha kukatwa kwa kisu, na hapo ndipo jina lenyewe lilipotoka kabla ya kusafiri na kubadilisha tunda.

Mamaledi ya Kiingereza hupikwa kwa machungwa machungu ya Seville, yanayoonekana sokoni Januari na Februari tu, tena wapishi huyavizia. Mtu wa pwani ana bahati asiyoihesabu, maana tunda hilo ni danzi, lile lile tunaloliacha lioze chini ya mti kwa sababu halilikiki. Uchungu wake, uchachu wake na wingi wa pektini yake ndivyo hasa vinavyotakiwa.

Chukua kilo 1 ya madanzi, limau 1, maji lita 2 na robo, na sukari kilo 2. Kata matunda katikati, yakamue, kisha kwangua kokwa na sehemu ya ndani yenye utandoutando, uzifunge katika kitambaa cha melimeli. Usizitupe, kwani pektini nyingi imejificha humo. Kata maganda vipande vyembamba kama karoti za kachumbari, uvitie pamoja na maji, maji ya matunda na kile kifurushi katika sufuria pana, kisha uchemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Ganda limeiva pale linapopondeka ukilibana kwa vidole viwili. Hatua hii haina njia ya mkato: sukari hulikaza ganda, na ganda lililotiwa sukari kabla ya kulainika litabaki kama kamba hata ukilichemsha hadi alfajiri. Sasa toa kifurushi, kiache kipoe, ukikamue kwa nguvu zako zote juu ya sufuria. Kitatoka kitu kizito kinachovutika kama ute wa bamia, na hicho ndicho kitakachoigandisha mamaledi yako.

Tia sukari, ukoroge polepole hadi usisikie tena chembe zikikwaruza chini ya mwiko, ndipo upandishe moto na uache ichemke kwa kishindo dakika 15 hadi 20. Maelekezo ya Kiingereza huagiza nyuzi 104 hadi 105 za Selsiasi, na agizo hilo linafaa Dar es Salaam au London, lakini litakuunguzia sufuria ukiwa Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kipimo cha kweli ni nyuzi nne na nusu juu ya pale maji yanapochemkia kwako, yaani takriban 98 au 99 kwa Nairobi. Asiye na kipimajoto aweke sahani kwenye friza, adondoshee kijiko kimoja, asubiri dakika moja, kisha aisukume kwa kidole. Ikijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, zima moto. Ikitiririka, iendelee kuchemka, ila kila unapopima uondoe sufuria motoni, kwa sababu dakika tatu za kuduwaa hutosha kuigeuza kuwa gundi. Iache itulie robo saa ili maganda yasielee juu, ndipo uijaze katika chupa za kioo zilizooshwa na kukaushwa kwa joto la ovena.

Aliyekosa madanzi achanganye balungi, machungwa ya kawaida na ndimu. Embe bivu lina pektini kidogo, kwa hiyo jamu yake huhitaji embe bichi au mapera ndani, pamoja na maji ya ndimu.

Jicho hilo hilo lililozoea kugeuza chupa litakuokoa pia kwenye rafu ya unga, ambako wageni wengi hujikwaa wiki ya kwanza. Uingereza, “cornflour” si unga wa ugali bali ni wanga mtupu wa mahindi, mweupe kama chaki, ambao Mmarekani huuita “cornstarch”. Nilipofika mara ya kwanza niliusongea ugali, nikapata kitu kinachong'aa na kuvutika, ambacho mwiko ulisimama ndani yake bila kushikwa. Ukiiminya pakiti mkononi utautambua: wanga huo hulia kwa sauti ya kukwaruza, ilhali sembe hukaa kimya. Marekani utafute “cornmeal” nyeupe iliyosagwa laini, kwa kuwa nyingi ni ya njano, na uiepuke “masa harina”, ambayo mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa kwa ajili ya mikate ya Kimeksiko na ladha yake haifichiki. Polenta ya Kiitaliano hufaa kwa shida, mradi ukubali ugali wa njano wenye chenga.

Kwa chapati, Uingereza chukua “plain flour”, na Marekani “all-purpose”. Ile iitwayo “self-raising” imekwisha kutiwa hamira ya unga (“baking powder”), na chapati zake huvimba kisha zikavunjika kama biskuti. Tukitaja biskuti, Mmarekani ukimwomba “biscuit” atakupa kimkate laini cha chumvi cha kulia mchuzi. Na “chips” kwake ni krispi za pakiti, kwa hiyo chipsi zetu za moto ziagize kwa jina la “fries”.

Ikiwa umekwisha kununua ule wanga kimakosa, usiutupe. Vijiko viwili vilivyokorogwa kwa maji baridi huufanya mchuzi uwe mzito, na ukichanganya robo yake kwenye unga wa ngano wa viazi karai, ganda la nje litapasuka kwa mlio hata viazi vikishapoa.