Namna ya Kuandaa Kipindi cha Redio Kuhusu Historia ya Depeche Mode kwa Wasikilizaji wa Tabora

Mji uliowalea Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz una wasikilizaji ambao, wakitajiwa bendi yoyote, hutaka kwanza kujua mtunzi alikuwa nani, nani alipiga nini, na nani alihama akaenda wapi. Mtangazaji wa Tabora anayekusudia kuandaa kipindi cha saa moja kuhusu Depeche Mode, bendi ya Kiingereza ya muziki wa vinanda vya umeme iliyoanza mwaka 1980 na ambayo bado ipo, aitumie tabia hiyo ya wasikilizaji wake badala ya kupambana nayo. Bendi hii imetoa albamu 15 za studio, na mtangazaji anayezisoma moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa miaka atawapoteza watu kabla hajafika ya tano. Akifuata watunzi, wapigaji na vyombo vyao, hadithi hujipanga yenyewe.

Gawa saa yako kwa kufuata safu ya wanamuziki

Chukua karatasi na uandike vipindi vinne vya maisha ya bendi. Cha kwanza ni cha Vince Clarke, kuanzia 1980 hadi mwisho wa 1981. Cha pili ni cha Alan Wilder, kuanzia 1982 hadi 1995. Cha tatu ni cha watu watatu, yaani mwimbaji Dave Gahan, Martin Gore na Andy Fletcher, hadi Mei 2022. Cha nne ni cha Gahan na Gore peke yao, ambacho kinaendelea. Usivipe muda sawa. Nusu ya kipindi chako iende kwa miaka ya Wilder, kwa kuwa ndiyo iliyoitoa bendi kwenye kumbi ndogo ikaifikisha kwenye viwanja vya mpira, na vipindi viwili vya mwisho vinaweza kutosha katika dakika 15 zote pamoja.

Sehemu ya kwanza iandike kwa ufupi lakini iwe na watu ndani yake. Basildon ni mji wa mkoa wa Essex, mashariki mwa London, uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili ili kupunguza msongamano wa jiji. Vijana wanne wa hapo walijichagulia jina kutoka gazeti la mitindo la Kifaransa na kuanza kupiga kwa vinanda vidogo vilivyotoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Gore alikuwa karani wa benki na Fletcher alifanya kazi ya bima, na walipoitwa kwenda London kupiga, walibeba vinanda vyao wakapanda navyo treni. Jambo hilo lisome taratibu, kwa sababu mtu aliyezoea kuona mizigo ikipandishwa pale stesheni ya Tabora, njia inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, ataiona picha yote bila kuongezewa neno. Bendi ya dansi yenye magitaa, tumba, matarumbeta na seti ya ngoma isingeweza kusafiri hivyo, na wepesi huo wa vyombo ni sababu mojawapo ya vijana wengi wa Uingereza wa wakati ule kukimbilia vinanda.

Mwishoni mwa 1980 Daniel Miller, mwenye lebo ndogo ya Mute, aliwasikia katika baa moja ya Canning Town, mashariki mwa London. Walikubaliana kugawana faida nusu kwa nusu, bila mkataba wa maandishi, wakaendelea hivyo kwa miaka mingi. Wasikilizaji wako watakuwa na maoni juu ya hilo, na waache wayatoe, kwani wanamuziki wetu wa zamani waliolalamikia malipo ya santuri ni wengi.

Kuondoka kwa Clarke ndiko kunakoanzisha hadithi

Watangazaji wengi huanzia kwenye wimbo unaojulikana zaidi. Ushauri wangu ni kuanzia kwenye pengo. Albamu ya kwanza, *Speak & Spell* ya mwaka 1981, ilikuwa na nyimbo 11 katika toleo la Uingereza, na kati ya hizo 9 zilitungwa na Clarke. Miongoni mwake ulikuwamo "Just Can't Get Enough", uliofika nafasi ya 8 katika chati ya Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, mtunzi huyo aliihama bendi. Simama hapo, weka wimbo huo, kisha uliza hewani bendi inafanya nini ikimpoteza mtu aliyeandika karibu kila kitu.

Jibu lina pande mbili, na zote mbili ni za kutamkwa. Clarke hakupotea: mwaka 1982 aliunda Yazoo pamoja na mwimbaji Alison Moyet, na wimbo wao wa "Only You" ulipanda hadi nafasi ya 2, juu kuliko chochote ambacho bendi aliyoiacha ilikuwa imefikia. Baadaye, mwaka 1985, aliunda Erasure na Andy Bell. Kwa upande wa waliobaki, Gore alichukua kalamu na kutunga albamu nzima ya pili, *A Broken Frame*, iliyotoka mwaka huohuo wa 1982. Ni albamu yenye udhaifu wake, nami sioni sababu ya kumficha msikilizaji jambo hilo, lakini ndiyo iliyothibitisha kwamba bendi ingeishi.

Hapo ndipo unapomwingiza Alan Wilder. Bendi ilitangaza nafasi katika gazeti la *Melody Maker* ikitaka mtu aliye chini ya miaka 21. Wilder alikuwa na miaka 22, akadanganya umri, akapata kazi. Alikuwa amesomea piano, jambo ambalo wenzake hawakuwa nalo, hata hivyo hakushirikishwa katika kurekodi *A Broken Frame*, kwa kuwa wale watatu walitaka kuonyesha kwamba wanaweza bila Clarke na bila msaada wa mgeni. Kisa hiki kidogo kinaeleza mengi kuhusu heshima na wivu ndani ya bendi kuliko orodha ndefu ya tarehe.

Mfanye msikilizaji asikie mabadiliko

Sehemu hii ndiyo yenye kazi kubwa studioni, nayo ndiyo itakayokitofautisha kipindi chako. Kata sekunde 20 za mwanzo wa "Just Can't Get Enough" na sekunde 20 za mwanzo wa "People Are People" wa mwaka 1984, uziweke zikifuatana bila neno katikati. Kabla ya kuzipiga, mwambie msikilizaji atege sikio kwenye mdundo. Katika kipande cha kwanza atasikia kinanda chepesi, sauti kavu na ya kuchekesha kidogo. Katika cha pili atasikia chuma kikigongwa, kitu kizito kikiangukia kingine, na mwangwi wa jengo kubwa.

Kisha eleza kilichotokea kati ya miaka hiyo. Mwaka 1983, wakati wa kurekodi *Construction Time Again*, walianza kutumia sampla, mashine inayonasa sauti yoyote na kuigeuza kuwa noti za kinanda. Walitoka na kinasa sauti wakazunguka maeneo ya ujenzi na majengo yaliyoachwa mashariki mwa London, wakagonga mabomba na mabati, wakarudi studioni na kelele hizo kuzipangia wimbo. Albamu hiyo walikwenda kuichanganya katika studio ya Hansa mjini Berlin, iliyokuwa karibu na ukuta uliougawa mji. Hapa acha maelezo ya kiufundi. Anayeishi karibu na reli anajua sauti ya behewa linapounganishwa, na ukiwa na kinasa sauti unaweza hata kuirekodi mwenyewe asubuhi moja na kuirudia mara nne kwa mpigo ili ionekane jinsi kelele inavyogeuka mdundo. Omba ruhusa ya wahusika wa stesheni kwanza.

Wimbo wa pili wa kuuchambua kwa karibu ni "Enjoy the Silence" wa mwaka 1990. Gore aliuleta ukiwa wa polepole, sauti yake na kinanda cha upepo tu, wimbo wa huzuni usio na ngoma. Wilder ndiye aliyeona kwamba ungebeba mdundo wa kuchezeka, na Gore hakulipenda wazo hilo mwanzoni. Mtayarishaji wao, anayejulikana kwa jina la Flood, alimtaka Gore aongeze gitaa, na ule mstari mfupi wa gitaa unaojirudia ndio ambao leo mtu huutambua kabla ya kuimbwa neno lolote. Ulifika nafasi ya 6 Uingereza na ya 8 Marekani. Ukipata mpiga gitaa wa Tabora aliye tayari kuja studioni, mwombe aupige mara mbili, kwanza polepole, kisha kwa mwendo wa rekodi. Dakika mbili za namna hiyo zitamfundisha msikilizaji kazi ya mpangaji wa muziki, yule ambaye jina lake kwa kawaida halitajwi mtunzi anapopewa sifa.

Kati ya "People Are People" na "Enjoy the Silence" pitisha haraka albamu za *Some Great Reward*, *Black Celebration* na *Music for the Masses*, ila usiruke tarehe 18 Juni 1988. Siku hiyo bendi ilifunga ziara yake kwa onyesho la 101 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, California, mbele ya watu zaidi ya 60,000. D. A. Pennebaker aliitengenezea filamu ziara hiyo. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiwaona kama vijana wa vinanda vya kuchezea, na Marekani ikawajibu kwa kujaza uwanja. Katika rekodi ya onyesho hilo, umati unaendelea kuimba kiitikio cha "Everything Counts" hata baada ya bendi kunyamaza, na kipande hicho kinafaa sana kuingilia mapumziko ya katikati ya saa.

Miaka ya taabu isisomwe kama umbea

*Songs of Faith and Devotion* ya mwaka 1993 ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, lakini ziara iliyofuata iliwavunja. Wilder alijitoa tarehe 1 Juni 1995. Gahan, aliyekuwa ametopea kwenye heroini, alizidisha kipimo mjini Los Angeles mwezi Mei 1996 na moyo wake ukasimama kwa muda kabla ya kuokolewa. Sema hivyo, kwa sentensi mbili, na uendelee. Alipona, akaacha dawa, na mwaka 1997 wale watatu wakatoa *Ultra*, iliyofika nafasi ya kwanza nchini kwao. Ukizidisha hapo, msikilizaji atakumbuka sindano na kusahau muziki, na wazazi watapiga simu kwa meneja wako kwa haki kabisa.

Kwa miaka iliyofuata yatosha kutaja kwamba Gahan, aliyekuwa mwimbaji tu kwa miaka mingi, alipewa nafasi ya kuchangia nyimbo tatu katika *Playing the Angel* ya mwaka 2005, na kwamba bendi iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, orodha ya heshima ya wanamuziki nchini Marekani, mwaka 2020.

Hakiki nchi pamoja na mwaka

Makosa mengi ya vipindi vya aina hii hutokana na mtangazaji kutaja nafasi ya chati bila kutaja nchi. "People Are People" ulifika nafasi ya 4 Uingereza mwaka 1984, ukaongoza chati ya Ujerumani Magharibi, kisha ukapanda hadi nafasi ya 13 Marekani mwaka 1985. Zote tatu ni kweli, na ukizichanganya utatoa habari ya uongo. Vilevile "Personal Jesus" ulitoka mwaka 1989, ilhali albamu yake, *Violator*, ilitoka Machi 1990.

Hadhari nyingine ni ya sababu. Fletcher alifariki tarehe 26 Mei 2022 akiwa na miaka 60, na Machi 2023 ikatoka *Memento Mori*, jina la Kilatini linalomkumbusha mtu kwamba atakufa. Kishawishi cha kusema kwamba albamu ni maombolezo ya Fletcher ni kikubwa, lakini kazi hiyo ilikwisha kuanzwa akiwa hai. Unachoweza kusema kwa usalama ni kwamba msiba ulibadilisha jinsi wawili waliobaki walivyoimalizia na jinsi sisi tunavyoisikiliza.

Nyimbo zote ziwe ndani ya kompyuta ya studio kabla ya siku ya kipindi. Kutegemea intaneti au kifurushi cha simu ukiwa hewani ni kujitafutia ukimya usioutaka.

Majibu ya kuweka mezani

Simu zikifunguliwa, maswali yatakuwa matatu au manne, na yaandikie majibu mapema. Kama bado wapo: ndiyo, Gahan na Gore, ambao walimaliza ziara yao ya mwisho hadi sasa mjini Cologne, Ujerumani, Aprili 2024. Fletcher alifanya nini, maana wapo watakaosema hakuwa mpigaji wa kutisha: alishughulikia biashara na kuwaweka pamoja wenzake wawili wasioelewana kirahisi, kazi ambayo kila aliyewahi kuwa katika bendi anaijua thamani yake. Kama Clarke alirudi: hakurudi Depeche Mode, ingawa alitengeneza albamu na Gore mwaka 2012 chini ya jina la VCMG. Na mzee mmoja wa zilipendwa hatakosa kupiga akidai kwamba kinanda bila gitaa la solo si muziki. Huyo mwekee "Enjoy the Silence" tena, kuanzia pale gitaa linapoingia.