SOMO: Antibayotiki kwa mgonjwa aliyelazwa, toka dozi ya kwanza mpaka unapoifuta kwenye chati

Wadau, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne "mgonjwa ana homa 39, nimuanzishie nini?" na wote wanne hawakuniambia anaumwa wapi. Naandika mara moja. Mwenzio akikuuliza, mpe asome hapa.

1. Tafuta maambukizi yako wapi. Mapafu, mkojo, ngozi, tumbo, kila sehemu ina wadudu (bakteria) wake. Homa ni dalili tu.

2. Uliza aleji, na uliza ilimfanyaje. Karibu mtu 1 kati ya 10 atakwambia ana aleji ya penisilini, ila ukiwapima vizuri zaidi ya 9 kati ya 10 ya hao hawana. Kuharisha sio aleji. Kuvimba midomo na kubanwa pumzi, hiyo ndiyo, andika kwa herufi kubwa.

3. Chukua damu ya kuotesha (inaenda maabara kuona mdudu gani anaota) KABLA ya dozi ya kwanza. Hapa nitakaa kidogo maana hapa niliharibu. Nilikuwa zamu ya usiku, akaja mama ana homa ya wiki tatu na moyo una mlio, nikaandika seftriaksoni, sista akachoma chap, mimi nikaitwa kitanda kingine. Alfajiri naingiza mkono mfukoni kwenye koti nakutana na chupa mbili za kuoteshea, vifuniko havijaguswa. Tukachukua damu asubuhi, hakikuota kitu, na kipimo cha moyo kikaonyesha uchafu wa maambukizi kwenye vali ya moyo. Yule mama alichomwa sindano wiki 6 za dawa mbili kwa kubahatisha, moja wapo inaumiza figo na masikio, kwa sababu hatukujua mdudu ni yupi. Alipona, lakini kila asubuhi alikuwa ananiuliza majibu yametoka, na sikuwa na jibu. Kwa hiyo: seti mbili, sehemu mbili tofauti za mwili, mililita 8 mpaka 10 kila chupa kwa mtu mzima, na usafishe ngozi uiache IKAUKE, la sivyo utaotesha wadudu wa ngozi halafu utibu kisichokuwepo.

4. Chagua dawa kwa mwongozo wa hospitali yako. WHO tangu 2017 imezipanga makundi matatu, za kuanzia kama amoksisilini na jentamisini, za kuangaliwa kama seftriaksoni, na za akiba kama kolistini. Za akiba usiguse bila kumuuliza mkubwa wako.

5. Angalia uzito na figo kabla ya kuandika dozi. Dozi ya kwanza kwa dawa nyingi inaenda kamili, zinazofuata ndio unapunguza kama figo zimechoka.

6. Andika sababu na tarehe ya kuangalia upya, hapo hapo kwenye chati. Chati isiyo na sababu hakuna anayethubutu kuifuta, dawa inaendelea mpaka mgonjwa anaruhusiwa.

7. Saa 48 mpaka 72 rudi kwenye majibu. Simamisha, punguza iwe dawa nyembamba (inayolenga wadudu wachache), hamishia vidonge, au endelea na useme kwa nini.

MASWALI

Intern mpya: Mkuu nifupishie, seftriaksoni gramu ngapi kwa homa?
– Rudi namba 1. Ugonjwa hujautaja, dozi sitaji.

Sista wa usiku: Dokta, mgonjwa yuko shoki (presha imeshuka sana), mishipa haipatikani, nisubiri mpaka damu ipatikane?
– Swali zuri sana sista. Hapana. Akiwa kwenye shoki dawa iingie ndani ya saa 1. Jaribu damu haraka, ikigoma choma dawa, damu itafuata. Homa ya uti wa mgongo vivyo hivyo, maji ya mgongo yakichelewa usichelewe nayo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano: Vidonge si dhaifu kuliko sindano?
– Inategemea dawa. Metronidazo ya kumeza inaingia kwenye damu karibu yote, sasa kanula (mrija wa kwenye mshipa) ya nini? Homa ikiwa chini ya 38 kwa saa 24, anakula, hatapiki, hamisha. Vankomaisini ndio tofauti, ya kumeza inabaki kwenye utumbo, haitibu damu. Na maambukizi ya vali ya moyo au uti wa mgongo usikimbilie vidonge.

Mdau: Mbona maspesho (madaktari bingwa) wetu wanaweka siku 14 kila kitu?
– Mimi sijaandika kuhusu spesho wako. Nimonia ya kutoka nyumbani, mgonjwa akiwa ameshapata nafuu, siku 5 zinatosha. Muulize kwa heshima kwenye raundi, na chati ukiwa umeishika mkononi.

Intern mpya: Mkojo wa kwenye katheta (mrija wa mkojo) umeota bakteria, hana homa, nianze nini?
– Hapo umeuliza vizuri. Usianze kitu, katheta ikikaa wadudu wanapanga humo. Labda awe mjamzito au anaenda kupasuliwa njia ya mkojo.

Mdau wa theatre: Ongezea, dawa ya kukinga upasuaji iingie ndani ya dakika 60 kabla ya kisu, na kidonda kikishafungwa upasuaji mwingi hauhitaji dozi nyingine.
– Kweli kabisa.

Sista wa usiku: Mimi chupa za kuoteshea naziweka trei moja na vaili ya dawa, sivunji vaili mpaka chupa zimejaa.
– Sista, hiyo naanza nayo zamu ya leo.